Nyimbo Nane za Harusi: Shajara ya Mradi wa Dada Wawili, Mji wa Kale, Mombasa

Rajabu: mpango umegeuka

Mradi ulivyo sasa: nyimbo nane za harusi, tano za chakacha (za kucheza kiuno) na tatu za vugo (za kutembea njiani kwa kupiga pembe). Sauti ni mbili, ya dada mkubwa na ya mdogo wake. Ngoma ni msondo (ndefu), chapuo (ndogo) na vumi (ya mlio mzito), pamoja na tari moja, pembe nne na vijiti vyake, na tashkota, kinanda cha nyuzi na vitufe, kwa nyimbo mbili tu. Zote zilipangwa kuwa onyesho la jukwaani la dakika 45. Jibu la tamasha tuliloomba kupiga limefika: hatukuchukuliwa. Onyesho limewekwa kando, na nyimbo zilezile zitarekodiwa nyumbani kwa fungu lililokuwa la usafiri na mavazi.

Jibu lenyewe ni mistari minne isiyo na sababu. Barua ya namna hiyo haina la kufundisha, na kuirudia mara ya pili ni kutafuta maana isiyokuwemo. Cha kusomwa ni tangazo la maombi, maana lile lina masharti yanayokagulika, na sharti la kwanza lilikuwa rekodi safi. Rekodi ya simu kutoka ukumbi wa harusi, kama yetu, haiwezi kuwa safi hata simu iwe ya bei gani: simu hujishusha sauti yenyewe kila vumi likipigwa, na sauti ya pili ya mwimbaji huzama pale pale.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi umeandikwa kanuni. Kila jibu la kukataliwa hupewa mstari mmoja wa kazi. Likiwa na sababu, sababu inageuzwa kazi yenye bei na mtu wa kuifanya. Lisipokuwa nayo, linaingia kwenye faili na halizungumzwi siku ya mazoezi. Siku ya mazoezi ujumbe wa simu haufunguliwi kabla ya kuimba, na sababu yake iko kooni. Mtu akiudhika, misuli ya shingo hukaza na koromeo hupanda, sauti nayo ikapanda. Wimbo uliopangwa kuanzia chini unaanza juu kwa nusu toni au zaidi, na ukifika ubeti wa tatu pumzi haitoshi. Dada wawili wenye uchungu mmoja hupanda pamoja, kwa hivyo hakuna anayegundua mpaka tashkota iingie.

Fungu ni Sh 76,000. Kadi ya sauti ya nje ya mitumba, yenye matundu manne, 24,000. Maikrofoni mbili, SM57 moja na moja ya kondensa, 24,000. Stendi na waya 6,500. Ngozi, kamba na vigingi 3,500. Wapiga ngoma wawili kwa vikao vinne, Sh 1,500 kila mmoja kwa kikao, 12,000 (chapuo inapigwa na mdogo mwenyewe). Akiba 6,000. Dada wenyewe hawajilipi kwa sasa, lakini saa zao zinaandikwa. Kikundi cha ndugu hakivunjwi na jukwaa lililokosekana. Kinavunjwa na saa ambazo mmoja anazikumbuka na mwenzake amezisahau.

Rajabu, mwishoni: kuwamba upya

Msondo ulikuwa umechanika ukingoni, palepale kigingi kinapoingia. Ngozi mpya ni ya beberu, mbichi, Sh 600 kwa mchinjaji. Ya mbuzi jike ni nyembamba na inaitika haraka, hiyo ni ya chapuo. Vumi linataka ya ng'ombe iliyokwanguliwa vizuri upande wa nyama.

Ngozi huloweshwa usiku mmoja kwenye maji matupu. Kwa joto la hapa, ikizidi siku nzima huanza kuoza, manyoya yakang'oka pamoja na tabaka la juu, na pale palipong'oka pakabaki laini, hapalii. Kabla ya kuwamba, tafuta mstari wa uti wa mgongo uupitishe katikati kabisa ya mdomo wa ngoma. Ngozi ya mgongoni ni nene kuliko ya tumboni. Mstari ukienda kando, upande mmoja unakaza na wa pili unalegea, na hakuna moto utakaozisawazisha. Vigingi hupigwa kwa kukabiliana: ukipiga cha mashariki, kinachofuata ni cha magharibi. Ikishawambwa, ikae kivulini siku tatu. Juani ukingo hukauka kabla ya katikati, ukavuta, na ufa ukaanzia kwenye tundu la kigingi. Manyoya hunyolewa kwa wembe baada ya kukauka, pale panapopigwa tu.

Vumi lilitoka kwa fundi wa upande wa Likoni. Kwenye feri abiria wa miguu halipi, na ngoma iliyobebwa kichwani haiulizwi. Kwenye matatu msondo ni mtu, una kiti chake na nauli yake, basi nauli hiyo iingie kwenye bajeti kabla ya kubishana na makanga.

Pembe za vugo zamani zilikuwa za nyati. Kuwa na pembe ya nyati bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kwa hivyo zetu ni za ng'ombe kutoka machinjioni. Zinachemshwa karibu saa nzima mpaka mfupa wa ndani ulegee na kuvutika, kisha zinasuguliwa ndani kwa mchanga na kuanikwa. Zikipitiliza motoni zinalainika na kupinda, na zikikauka mlio wake umekufa. Mlio wa pembe ya ng'ombe ni mwembamba kuliko wa nyati. Tumechagua fupi zenye ukuta mnene, na mbili kati ya nne zinapigwa kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa ili zisichome masikio.

Shaabani: maneno na mizani

Beti za nyimbo tano ni mpya. Umbo ni mistari mitatu, mizani 16 kwa mstari, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho. Wimbo wa leso unaanza hivi:

Pokea leso ya kwanza, uifunge kiunoni
Na ya pili kuitunza, uitie sandukuni
Siku neno likianza, itoe ufute mboni

Karatasini umetimia. Kwenye ngoma ndipo kazi inapoanza. Kipande cha mizani nane hukaa ndani ya mizunguko miwili ya msondo, na kila mzunguko una mapigo madogo sita. Mapigo ni 12, silabi ni nane, na hayo manne yanayobaki ndiyo nafasi ya mghani, yule anayeongoza wimbo. Kwenye "Pokea leso ya kwanza", silabi *kwa* imepewa mapigo matatu na *le* mawili. La nne ni la pumzi, baada ya *nza*. Anayegawa mapigo sawasawa kwa kila silabi anapata wimbo wa darasani, na chakacha haichezeki.

Panapoharibika zaidi ni pale irabu mbili zinapokutana. "Kiunoni" ni silabi nne, lakini ulimi ulio na haraka huzifanya tatu, *kyunoni*. "Uifunge" nayo ikawa *wifunge*. Mstari mmoja umepoteza mizani mbili, msondo unafika mwisho wa mzunguko, na mwimbaji yuko mbele yake amesimama. Dawa ni kuimba ubeti mzima polepole bila ngoma, kidole kikigonga meza kwa kila silabi, na kufika nane kila mara kabla ya kuongeza kasi. Maneno yenye irabu zilizokutana yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu kwenye nakala za wote wawili.

Nyimbo tatu za vugo hazikuguswa maneno. Ni za asili, na zimeandikwa hivyo kwenye orodha.

Ramadhani

Ngoma zimefungwa, hazipigwi mpaka Idi. Mazoezi ya sauti pia yamesimama mchana. Koo la mfungaji limekauka, na nyuzi za sauti zikikosa maji hukwaruzana. Baada ya tarawehe, nusu saa ya kuimba kwa sauti ya chini inatosha.

Kazi ya mwezi ni tashkota. Kinanda hiki kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikaja kupata makao kwenye taarabu ya Mombasa. Kina nyuzi zinazopigwa kwa kikwaruzo na vitufe vya mfano wa taipureta. Nyuzi zake kubwa zinafungwa kwa sauti moja, na hapo ndipo hewa ya chumvi inapoingia: uzi mmoja ukipata kutu unashuka kidogo, na ile sauti moja inakuwa mbili zinazotetemeka. Zote zimebadilishwa kwa mpigo mmoja, waya wa gitaa wa inchi 0.010. Kubadilisha uliokufa peke yake hakusaidii, maana mpya na wa zamani havishuki kwa mwendo mmoja. Springi za vitufe zimepata tone la mafuta ya cherehani. Kinanda kinalala ndani ya sanduku na kifuko cha mchele mkavu.

Kwa wimbo wa nne tashkota imetolewa kabisa. Lahani yake ni ya bayati, makamu ya Kiarabu ambayo noti yake ya pili iko kati ya vitufe viwili. Udi na fidla huipata kwa kidole, tashkota haiwezi.

Mfungo mosi: chumba

Chumba cha kurekodia ni cha juu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti. Upana wa vyumba vya namna hii umeamuliwa na urefu wa boriti, na hiki kina mita 2.8. Kwa joto la chumba sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde, kwa hivyo kati ya kuta hizo mbili wimbi la hezi 62 (mitetemo 62 kwa sekunde) linapata kitanda chake, na la hezi 124 juu yake. Vumi letu linalia karibu na hapo. Likipigwa karibu na ukuta, chumba chote kinavuma hata baada ya mkono kuondoka, na kwenye rekodi ule mvumo unafunika msondo.

Njia iliyofaa: vumi liwekwe katikati ya upana wa chumba na maikrofoni yake vilevile, maana katikati ndipo wimbi lile la kwanza lina shinikizo dogo kabisa. Pembeni ndipo lilipo kubwa, na pembe za chumba ndizo mbaya kuliko kote. Kusogea sentimita 40 kutoka katikati kunasikika.

Tatizo la pili ni kuta ngumu zinazotazamana. Ukipiga kofi moja unasikia mlio wa haraka unaorudi kama bati. Leso zilizotundikwa zimeachwa sentimita 10 kutoka ukutani, zikiwa na mikunjo. Zikibandikwa bapa hazifanyi kitu. Leso hupunguza mlio wa juu tu. Kwa wa chini yanahitajika magodoro ya sufi, mawili yamesimamishwa kwenye pembe nyuma ya waimbaji. Ya sponji ni mepesi, hayafiki kazi ya sufi. Mtu asinunue leso mpya za Biashara Street kwa ajili ya ukuta. Zilizofuliwa mara nyingi ni laini zaidi na zinafyonza vizuri zaidi.

Kelele za nje zimeamua ratiba. Asubuhi ni kunguru na mikokoteni. Adhana ni mara tano na misikiti haianzi kwa sekunde moja, kwa hivyo ruhusu dakika kumi kila mara. Tuktuk hazina saa. Ngoma zinarekodiwa saa nne hadi saa sita mchana, kwa kuwa usiku majirani wana haki yao, na sauti ya vumi ina nguvu ya kuzidi kelele za njia. Sauti za waimbaji ni baada ya isha, feni imezimwa, dirisha limefungwa. Vikao ni vya dakika 40, baada ya hapo jasho linaingia machoni na mizani zinaanza kupungua.

Mfungo pili: mvua, na barua ya hoteli

Mvua za masika zimeshika. Kipimo cha unyevu chumbani kinasoma asilimia 84 asubuhi, na chapuo ya mbuzi jike inalia ngozi mbichi. Moto wa makumbi ya nazi ndio wa kawaida: ngoma ikae mkono mmoja kutoka kwenye moto, izungushwe bila kusimama, igongwe kwa kidole mpaka mlio upande. Ikikaribia sana ngozi huungua katikati kabla ya ukingo kukaza, na doa la kuungua haliponi. Kwa mvua hii mkao ni kama dakika 20, halafu inashuka tena. Kwa hivyo ziko chapuo mbili, moja mkononi na moja motoni, na zimefungwa kamba mpaka zipate mlio mmoja. Msondo, kwa kuwa uko wazi chini, umewekewa taa ya zamani ya wati 60 ndani ya mdomo wake wa chini kati ya kipande na kipande. Taa za LED hazina joto la kufanya kazi hiyo.

Ngoma tatu zinarekodiwa pamoja. Tulijaribu msondo peke yake kwanza, kisha nyingine juu yake. Mapigo yalikuwa sahihi na ngoma ilikuwa imekufa. Chapuo huvuta mbele kidogo na vumi hurudisha nyuma, na mvutano huo hupatikana kwa watu wanaoonana macho. Metronomu imetumika kupata kasi ya kuanzia tu, halafu ikazimwa. Kwenye programu ya kurekodia mpangilio ni 6/8, yaani mapigo madogo sita kwa mzunguko. Ukiuacha kwenye 4/4 uliowekwa kiwandani, mistari yote ya skrini inaangukia pasipo na mkono, na anayehariri atasogeza mapigo yaliyokuwa mazuri.

Kwenye faili: hoteli ya Pwani ya Kaskazini iliyokuwa ikichukua usiku mmoja kwa wiki imesitisha, kwa ujumbe wa simu, kuanzia wiki hiyohiyo. Msimu wa mvua wageni hupungua, na burudani hukatwa mwanzo. Sababu ipo, kwa hivyo jibu limepata mstari wake wa kazi: mkataba mpya. Masharti yake ni manne. Notisi ya siku 30 kwa maandishi. Nusu ya malipo kabla ya siku, nusu usiku uleule. Usiku uliofutwa ndani ya siku saba unalipwa nusu. Usafiri wa ngoma ni juu ya mwenyeji. Mkataba huo huo, umefupishwa ukurasa mmoja, sasa unapewa pia mama wa bibi harusi. Wenye harusi wameupokea vizuri kuliko ilivyotarajiwa, hasa kipengele cha saa: kikundi kinaanza saa tatu usiku na kumaliza saa tano na nusu, na kila nusu saa ya ziada ina bei.

Pengo la hoteli limezibwa kwa ushoni. Dada mkubwa ana cherehani na oda za dera. Mdogo ameongeza wanafunzi wa tuisheni. Haya yameandikwa kwenye bajeti kama mapato ya mradi kwa miezi mitatu, si kama aibu ya mradi.

Mfungo tatu: sauti mbili zinazofanana

Sauti za ndugu huchanganyika bila kazi, na hilo lina hasara yake. Koo na vinywa vya umbo moja hutoa rangi moja ya sauti, na zikiimba noti moja kwenye maikrofoni moja, msikilizaji anasikia mtu mmoja aliyenenepa. Ukumbini hilo ni zuri. Kwenye rekodi, mwito na kiitikio vinapoteza ule ubishani wao, na chakacha bila ubishani ni nusu yake.

Yaliyofanyika: mghani yuko sentimita 20 kutoka kwenye kondensa, mwitikiaji yuko mita moja na nusu kutoka kwenye SM57, uso umegeuzwa kidogo kando. Mwitikiaji anaimba kwa sauti ya puani zaidi, kama wanavyofanya waitikiaji wa arusini. Kwenye mchanganyo mghani yuko katikati, mwitikiaji kulia kwa theluthi moja. Sauti ya pili ya kupanda noti tatu juu, ya kwaya, imekataliwa kwa nyimbo zote isipokuwa moja. Inapendeza sikio la haraka, lakini inaziba mahali ambapo mwimbaji hupinda noti.

Kwa sababu hiyohiyo programu ya kunyoosha sauti imezimwa. Inavuta kila noti kwenye kitufe cha kinanda kilicho karibu, na kwenye bayati hiyo ni kuisahihisha noti iliyokuwa sahihi.

"Pokea" inaanza kwa *p*, na *p* ikipiga maikrofoni kwa karibu inatoa mshindo. Kichujio ni soksi nyembamba ya kike iliyovutwa kwenye fremu ya kudarizia kofia, sentimita nane mbele ya maikrofoni. Vigelegele vinarekodiwa peke yake, mita mbili mbali, kiwango kikiwa kimeshushwa desibeli 12. Nguvu yake iko kwenye mlio wa juu; taa nyekundu inawaka kabla hujaona kwamba sauti imepanda.

Mkosoano. Mkubwa akisema mbele ya mdogo, mdogo ananyamaza, na hiyo ndiyo adabu. Lakini rekodi haina adabu. Kila mmoja anasikiliza peke yake kwa hedifoni, anaandika dakika na sekunde na neno moja ("chini", "haraka", "mizani"), na karatasi zinawekwa mezani kwa pamoja. Palipoandikwa na wote wawili panarekodiwa tena bila mjadala. Palipoandikwa na mmoja panasubiri kesho yake.

Mfungo nne: wenye nyimbo wamesikiliza

Nyimbo tatu za vugo zimepelekwa kwa mabibi wa mtaani waliokuwa kwenye vyama vya lelemama, ile michezo ya wanawake iliyoshindanisha mitaa ya Mombasa kwa nyimbo na mavazi. Sifa zilikuwa chache. "Wanangu, hii ni vugo au mwawahi feri?" Vugo ni ya kutembea: wanawake wanafuatana njiani, pembe mkononi, na kasi yake ni mguu wa mtu mzima aliyevaa buibui kwenye kichochoro. Ilipimwa hivyohivyo, kwa kutembea na pembe kutoka mlangoni hadi kona na kuhesabu: hatua 92 hadi 96 kwa dakika. Rekodi ilikuwa na 112. Nyimbo zote tatu zinarudiwa.

Wametaka pia ubeti mmoja wa matusi ya mzaha utolewe. Unaimbwa ndani ya kesha, kati ya wanawake, na hautakiwi kumfikia mtu njiani. Umetolewa.

Mchanganyo wa nyimbo tano umekamilika: biti 24, kilohezi 48, wastani wa LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele hakizidi desibeli -1. Kwa vumi imepunguzwa desibeli nne kwenye hezi 62, na hapo ndipo kazi ya chumba ilipolipa: bila kuliweka katikati ingebidi kukatwa mara mbili zaidi, na ngoma ingebaki kama debe. Sikiliza kwenye simu pia. Spika ya simu haitoi mlio mzito wa vumi, na wengi ndiko watakakosikia. Msondo lazima ubebe wimbo peke yake.

Mfungo tano: haki, mgao, na jibu la pili

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, ndiyo maana mgao umeandikwa kabla ya wimbo wowote kutoka. Maneno ni ya aliyeyatunga, asilimia 100. Lahani mpya nusu kwa nusu. Rekodi nusu kwa nusu. Wapiga ngoma wamelipwa kwa kikao na wametia sahihi stakabadhi inayosema hivyo, na majina yao yanatajwa kwenye kila wimbo. Nyimbo za vugo zimeandikwa "wimbo wa asili, mpangilio wetu". Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi ya 2016 inataka ridhaa ya jamii yenye wimbo, na kikao cha mabibi kimeandikiwa kumbukumbu yenye sahihi zao. Nyimbo tano mpya zinaandikishwa kwa Bodi ya Hakimiliki. Maneno na lahani hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Rekodi ni miaka 50.

Toni za simu: marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Hakimiliki yanampa mwenye kazi asilimia isiyopungua 52 ya mapato. Lakini kati ya msanii na kampuni ya simu huwa kuna msambazaji, na mkataba wake unaweza kuila hiyo 52 kutoka upande wa pili. Mikataba miwili iliyoletwa imesomwa. Mmoja ulitaka haki za rekodi "milele", umerudishwa. Kila rekodi inahitaji namba yake ya utambulisho, ISRC, herufi na tarakimu 12, na picha ya jalada ya pikseli 3000 kwa 3000. Picha ni doti ya leso iliyokunjwa, bila uso wa mtu.

Ombi la pili, la tamasha jingine, limejibiwa: hapana. Safari hii sababu imetolewa, kwamba hawakuona kikundi kikipiga moja kwa moja. Kazi iliyoandikwa ni video ya dakika tatu isiyokatwa. Haiwezi kuchukuliwa arusini, kwani kwenye kesha na kupamba simu hukusanywa mlangoni, na ni haki. Itapigwa uani kwa wanawake walioridhia wenyewe, saa kumi na moja jioni jua likiwa nyuma ya ukuta, kamera moja juu ya stendi, sauti ikichukuliwa na kadi ileile na kuunganishwa kwa kofi moja mwanzoni. Sh 4,500 kutoka akiba.

Bado: vugo tatu kwa kasi ya 94. Zitarekodiwa uani pia, siku hiyohiyo, wapigaji wakitembea kuzunguka maikrofoni kwa umbali wa mita mbili. Ua una ukuta mmoja tu ulio mgumu, na kanzu na mashuka ya kufuliwa yataachwa kwenye kamba.